Choroko Zilizoota Nangani

Melini, 4 Februari

Mama mdogo,

Shikamoo. Na magoti yako nayaamkia pia, maana najua ndiyo yanayoamua kama siku yako itakuwa nzuri au mbaya.

Sisi tumetia nanga nje ya bandari, tunangoja zamu ya kuingia. Ukisimama sitahani unauona mji wote: maghala, taa za barabarani, hata mabasi yanavyokata kona. Boti ya wakala inatuletea vitu ikipata nafasi, na barua huja na boti hiyo. Simu za huku ni za taabu, mtandao haufiki, kwa hiyo niandikie kwa anwani niliyoweka nyuma ya bahasha.

Nina swali dogo tu. Unazikumbuka zile chupa ulizokuwa unazipanga dirishani, juu ya sinki, nilipokuwa shule ya msingi? Ulikuwa unaotesha choroko, mimi nadhani unafuga minyoo. Ulikuwa unafanyaje hasa? Nina choroko na dengu humu stoo, nikaona nijaribu, kupoteza muda. Mpishi akikaa bure anaanza kupika vitu visivyolika.

Chakula kipo, wenzangu wazima, mimi mzima. Usiwe na wasiwasi.

Ni mimi mwanao,
Mpishi

---

Nyumbani, 15 Februari

Mwanangu,

Marahaba. Goti la kushoto limeitikia salamu, la kulia limenuna.

Nimepika jiko la hospitali tangu ujana mpaka waliponistaafisha, na sijawahi kuona mpishi mwenye soko karibu akauliza namna ya kuotesha choroko. Anayeuliza hivyo ni yule ambaye kabichi imemwishia. Kabichi imekwisha? Haya, sikuhoji. Wewe ukificha jambo huwa unaandika "usiwe na wasiwasi". Umekuwa ukiniandikia hivyo tangu bweni.

Nisikilize. Zimwage choroko kwenye sinia, uzichague. Iliyovunjika itoe, iliyotobolewa itoe, maana hiyo haioti, inaoza, na ikioza inawaharibu wenzake. Zioshe, uziloweke usiku kucha kwenye maji mengi. Usijaze chupa! Kiganja kimoja cha choroko kinakuja kuwa chupa nzima. Asubuhi mwaga maji, funga mdomo wa chupa kwa kitambaa chepesi, uiinamishe kichwa chini ili maji yatoke na hewa iingie. Ifunike isipigwe na mwanga. Kisha kila asubuhi na kila jioni zioshe kwa maji safi, zichuje, zirudishe zilipokuwa. Basi, ni hivyo tu. Watu wengi wanakosea kwa sababu wanazipenda mno, wanaziacha zikae majini. Mbegu inataka unyevu, haitaki kuogelea.

Na unuse. Zikinukia kama njegere mbichi, mambo ni sawa. Zikiwa na harufu ya uchachu, au zikiteleza kama zimepakwa sabuni, mwaga, usizionee huruma. Kabla ya kumpa mtu, zitumbukize kwenye maji yanayochemka, uzitoe upesi. Hospitalini hatukumpa mgonjwa hata mmoja mbichi.

Dengu ni hivyohivyo.

Yule fundi saa mwenye kibanda chini ya ngazi zetu anakusalimu. Ameirekebisha ile saa ya jikoni iliyokuwa inakimbia. Sasa inakwenda vizuri mpaka nimeanza kuchelewa kila mahali, maana nilishazoea kujidanganya nayo.

Kabichi imekwisha, sivyo?

Mama yako mdogo

---

Melini, 27 Februari

Mama mdogo,

Shikamoo. Kabichi ilikwisha zamani. Umefurahi?

Nilifuata maneno yako yote. Siku ya pili kila choroko ilikuwa imetoa kijimkia, nikafurahi mpaka nikamwita fundi mkuu wa injini aje kuona. Tunamwita Chifu. Akaivaa miwani yake, akatazama, akasema, "Zinatufanyia ishara ya kwaheri." Basi, nikajiona bingwa. Nikaloweka dengu pia. Lakini siku chache baadaye nikakuta dengu zimezungukwa na manyoya meupe mizizini, kama ukungu wa mkate. Nikamwaga chupa zote baharini. Roho iliniuma sana, na samaki nao sijui waliona nini.

Choroko zilizobaki ni chache. Sasa nimefikiria maharage mekundu, maana hayo ninayo gunia zima, na gesi ya kuyapikia saa nzima kila siku ndiyo sina. Kama choroko zinaota, maharage yatashindwaje? Yakiota yatakuwa laini, tutayala kama kachumbari. Nitaloweka leo nikimaliza vyombo.

Boti ya wakala imeanza kupiga honi, nafunga bahasha.

Mwanao

---

Nyumbani, 6 Machi

Mwanangu,

USIWAPE WATU MAHARAGE MEKUNDU YALIYOOTA BILA KUYACHEMSHA. Barua yako nimeipokea saa hii, sijaketi hata.

Maharage mekundu mabichi yana sumu, na kuota hakuiondoi. Lazima yachemke kwelikweli, yatokote kwa nguvu. Kupashwa moto juujuu ni kubaya zaidi. Kama umekwisha loweka, yachemshe au yamwage. Choroko na dengu ni watu wa aina nyingine kabisa.

Na yale manyoya meupe hayakuwa ukungu! Ni vinywele vya mizizi, vinatafuta maji. Ukiviosha vinalala, huvioni tena. Ukungu hauondoki kwa kuosha, na una harufu. Ulimwaga chakula kizuri.

Nimempigia wakala kwa namba iliyo kwenye muhuri wa bahasha. Simu inaita, hakuna anayepokea. Fundi saa amechukua barua hii anaikimbiza posta kabla hawajafunga, ndiyo maana mwandiko umekuwa kama wa kuku.

Nimekaa roho juu. Nijibu hata neno moja.

Mama yako mdogo

---

Melini, 8 Machi

Mama mdogo,

Shikamoo. Sijapata barua yako kwa siku nyingi, huenda iko njiani. Hii naiandika kwa sababu sina mwingine wa kumwambia.

Nimewalisha wenzangu sumu.

Yale maharage yaliota vizuri, mikia minene, meupe kama meno ya mtoto. Nikayachanganya na vitunguu, siki na mafuta, mabichi, nikayaweka mezani kwa majivuno. Wakala wote, wakaniombea maisha marefu, maana ni siku nyingi hawajatafuna kitu kinacholia mdomoni. Jua halijazama, wa kwanza akakimbilia ubavuni mwa meli. Halafu wa pili. Halafu nahodha. Chifu, mtu mzima mwenye wajukuu, alikumbatia ndoo kama mtoto. Na mimi pia nilitapika mpaka nikaona nyota.

Mtu mmoja tu hakula, msimamizi wa mabaharia. Sisi tunamwita Simenti kwa sababu uso wake ukishakauka haukunjuki. Yeye hapendi vitu vibichi. Usiku ule alitupitia mmoja mmoja na maji yenye chumvi na sukari, anatuinua vichwa. Asubuhi wote tulikuwa tunasimama tena, alhamdulillahi. Tulipokusanyika chumba cha kulia, akazichukua chupa zangu zote akazipanga mezani, akasema:

"Kuanzia leo, mtu akitaka kufa, afe na njaa. Asife na chakula."

Hakuna aliyecheka. Hakuna aliyenitetea, na mimi sikujitetea.

Sasa nikueleze na lile lingine, kwa sababu nimechoka kuandika "usiwe na wasiwasi". Hatungoji zamu yoyote. Mwenye meli ametutupa. Hapokei simu, hajibu mtu, simu ya meli yenyewe imekatwa, na zetu za mkononi hazina salio. Bandari imeishikilia meli, na sisi haturuhusiwi kushuka, maana hatuna vibali, na meli haiwezi kuachwa bila watu. Wakala anatuletea mchele na mafuta kidogo ya jenereta kwa huruma yake tu. Mboga za majani hatujaziona tangu mwaka jana. Mmoja wa mafundi wa injini, tunamwita Mpole, fizi zake zinatoka damu akipiga mswaki. Nilipoiona ile damu kwenye sinki ndipo nikazikumbuka chupa zako.

Nilitaka kuwasaidia. Sasa nikiingia na sufuria wananitazama mikono.

Mwanao

---

Nyumbani, 20 Machi

Mwanangu,

Marahaba. Barua zetu zimepishana njiani kama watu wawili kwenye ngazi. Ya kwangu ya kukukataza umeipata umekwisha kutapika. Pole. Nimesoma yako nimesimama, halafu nikakaa, halafu nikaisoma tena.

Kuhusu uongo wako tutazungumza ukija, na utakuwa umesimama. Mama yako, dada yangu, alipofariki na wewe ukaletwa kwangu na kile kibegi cha bluu, nilikuambia kitu kimoja: ukiwa na shida usinichagulie ya kuijua na ya kutoijua. Lakini leo si siku yake.

Leo nikuambie kuhusu jiko. Mwaka mmoja pale hospitalini uji wetu uliwaharibia tumbo wodi nzima ya wazazi. Maziwa yalikuwa mabovu, aliyeyapokea nilikuwa mimi. Kesho yake wagonjwa waligoma, wakawa wanaletewa vyakula na ndugu zao. Mkuu wa jiko, mama mmoja mfupi mwenye sauti ya tarumbeta, hakunifukuza. Alisema, "Toa sufuria nje." Tukahamishia jiko letu uani, mbele ya madirisha ya wodi, tukawa tunapika palepale wakituona. Kuosha, kuonja, kila kitu. Mimi nikawa nakula bakuli la kwanza nimesimama, wote wananitazama nameza. Wakaanza kurudi mmoja mmoja. Wa mwisho alikuwa yule aliyepiga kelele kuliko wote.

Kwa hiyo zitoe chupa zako huko jikoni. Ziweke mezani wanapolia chakula. Usimshawishi mtu. Osha mbele yao, nusa mbele yao, chovya kwenye maji ya moto mbele yao, kula wewe. Yule Simenti usimchukie. Alikushika kichwa ukitapika.

Tumekufungashia mbegu: choroko nyingi, dengu, uwatu, na haradali kidogo. Haradali ni kali, inachangamsha ulimi. Uwatu una uchungu kidogo, tia mchache. Maharage hatukutia hata punje. Tumezichagua zote, iliyovunjika hata moja haimo.

Mpe Mpole mara mbili ya wengine.

Mama yako mdogo

---

Melini, 9 Aprili

Mama mdogo,

Shikamoo. Kifurushi kimefika. Wakala alidhani ni risasi za gobori, alivyokitikisa.

Nilifanya kama ulivyosema. Nilizipanga chupa kwenye meza ya chumba cha kulia, karibu na dirisha la mviringo, nikazifunika na taulo. Siku za kwanza watu walihama meza. Nikawa naosha asubuhi na jioni, nanusa, nakula peke yangu kama mtu aliyenuniwa na mke. Maji baridi tunayapima, mashine ya kuondoa chumvi katika maji ya bahari inawashwa kidogo tu, kwa hiyo maji niliyooshea choroko nayahifadhi ya kuoshea vyombo. Chifu aliniona nayabeba kwenye beseni, akauliza, "Hayo nayo unakunywa?" Nikamwambia, "Hayo ya sahani." Akacheka. Ndiyo ilikuwa mara ya kwanza mtu kunichekea tangu siku ile.

Mpole ndiye aliyeanza kula. Alikuja akakaa mbele yangu, akavuta bakuli, akasema, "Mimi damu inanitoka hata nisipokula. Leta." Nikamtilia nyingi. Kesho yake alikuja Chifu, halafu nahodha, kwa sababu nahodha hakubali kupitwa na Chifu. Sasa tunakula kila siku, mchele na machipukizi, mchele na machipukizi, na wanagombania haradali. Fizi za Mpole zimepona. Jana alikuja ananionyesha mdomo mzima kama farasi mnadani.

Simenti bado hataki kula. Lakini nikuambie kitu. Juzi nilishikwa na homa, nikalala mchana kutwa. Nikashtuka jioni nikijua chupa hazijaoshwa, na joto hili lingeshaziozesha. Nikajikokota mpaka kule. Nikamkuta yeye amesimama kwenye sinki, amekunja mikono ya shati, anazisuuza choroko polepole kama anayeosha mtoto mchanga. Aliponiona akasema, "Zilikuwa zinanuka kiu." Akaweka chupa, akaondoka. Nikaiinamisha chupa aliyoiacha, nikaifunika.

Sasa zamu yangu ya kuuliza. Umeandika "tumekufungashia", ukaandika "tumezichagua". Wewe huishi na mtu. Nani amekuchagulia? Unaumwa? Macho yameanza kukusumbua? Kuna muuguzi anakuja? Mimi nimekwisha sema yangu yote. Na wewe usinichagulie.

Mwanao

---

Nyumbani, 21 Aprili

Mwanangu,

Marahaba. Macho yangu ni mazima. Siumwi. Kaa chini kama umesimama.

Ni fundi saa.

Umecheka? Acha kidogo. Alianza kwa kuja kurekebisha ile saa. Saa gani inarekebishwa mara nne? Kila akiifunga nayo inasimama. Nikamwambia, "Fundi, au hujui kazi?" Akaniambia, "Kazi naijua. Nikiimaliza, nitakuja kwa sababu gani?" Mimi na umri wangu huu, na kanga ya jikoni yenye mafuta, nikamvutia kiti. Nikamwambia akae anywe chai.

Tangu uliponiambia habari za meli, usiku silali vizuri. Yeye ndiye aliyekuwa ananisomea tena barua zako nikishindwa kuzimaliza. Mbegu zako alizichagua na ile lenzi anayobana jichoni, moja baada ya nyingine, anazikagua kama almasi. Kila tulipofika mahali ulipoandika kwamba mtu mmoja zaidi amekubali kula, yeye alipiga makofi.

Ameniomba tuoane. Watoto wake wako mbali na wameridhia. Mimi nimemwambia nina mtu mmoja tu duniani wa kumuuliza, na huyo yuko nangani. Nilinyamaza kwa sababu niliona haya, si kwa lingine. Mtoto yuko kwenye dhiki, mama anazungumza harusi.

Nataka uwepo. Sitaki shughuli kubwa, nataka wewe tu umesimama pale. Tumefikiria Juni. Fundi anasema magazetini wameandika kwamba mahakama ya huko imeanza kuwaondoa mabaharia wa meli zilizotelekezwa. Utakuja?

Sema unavyoona, hata kama ni vibaya.

Mama yako mdogo

---

Melini, 5 Mei

Mama mdogo,

Shikamoo. Barua yako nimeisoma. Hongera sana. Fundi ni mtu mwema, mpe salamu zangu.

Ni kweli mahakama imeanza kutoa watu. Wengine watashuka wiki hii. Mimi zamu yangu itafika, sijui lini. Fungeni ndoa tu, msinisubiri. Juni ni karibu mno.

Choroko zinaendelea.

Mwanao

---

Nyumbani, 16 Mei

Mwanangu,

Marahaba. Nimeigeuza barua yako nione kama kuna kitu nyuma. Hakuna.

Mtu aliyeniandikia kurasa nzima za habari ya kuosha choroko, habari ya mama yake kuolewa ameipa mistari miwili. Nimekulea, nakujua. Wewe ukichukia hupigi kelele, unakuwa na adabu.

Kama hupendi, ungesema. Nisingekulaumu. Nyumba hii imekuwa yetu wawili tangu ukiwa mdogo, na labda unaona mtu mwingine anakalia kiti chako. Nimemwambia fundi tusimamishe kwanza. Hakuuliza kwa nini. Ameshuka ngazi taratibu, na leo kibanda hakikufunguliwa.

Silii. Nakuambia tu hali ilivyo.

Mama yako mdogo

---

28 Mei

Kwa mama wa mpishi wetu,

Shikamoo mama. Hunijui. Mimi ndiye yule wanayemwita Simenti. Anwani yako niliinakili kwenye kifurushi cha mbegu. Sasa niko nyumbani kwangu, naandika juu ya meza isiyoyumba, mkono haujazoea.

Mwanao hajui kwamba nakuandikia. Alinikataza. Lakini kabla sijashuka, boti ilileta barua yako ya kumuuliza kama atakuwepo harusini, na nilikuwapo akiisoma, kwa hiyo naona ni haki yako.

Mahakama iliamua watu wachache wabaki kulinda meli mpaka iuzwe, wengine waende. Jina la mpishi lilikuwa kwa wanaokwenda. Langu lilikuwa kwa wanaobaki, pamoja na Chifu na Mpole. Mimi nina baba amelala kitandani, hasemi, hainuki, na nilikwisha kubali moyoni kwamba sitamwona tena. Sikumwambia mtu. Sijui mwanao alijuaje. Chifu ana mdomo.

Alikwenda kwa nahodha akasema tubadilishane. Nikamfuata jikoni nikamwambia, "Wewe na mimi hatudaiani kitu. Mimi ndiye niliyekuvunjia heshima mbele ya watu." Akawa anaosha zile chupa zake. Akasema, "Wanaobaki watakula nini mimi nikishuka? Wewe unajua kupika?" Nikasema sijui. "Basi nenda. Unanichelewesha." Ndiyo mazungumzo yetu yote.

Na kuhusu harusi. Alipoifungua barua yako alisoma, akakaa chini sakafuni, akacheka mpaka tukadhani kala tena maharage. Kisha akaja chumba cha kulia akagonga meza na mwiko, akasema, "Mama yangu anaolewa!" Akatusomea ile sehemu ya saa kurekebishwa mara nne. Chifu alicheka mpaka miwani ikadondoka kwenye bakuli. Jioni ile nilikula choroko zake kwa mara ya kwanza. Kidogo, mezani, mbele ya wote. Ni nzuri.

Siku ile aliyokuandikia kwa ufupi ndiyo siku aliyotoa nafasi yake. Alichana barua mbili kabla ya ile. Alisema akiandika ndefu utamjua.

Baba yangu nilimkuta hai. Alinishika kidole, hakukiachia mpaka usingizi ulipomchukua.

Nakuheshimu,
Simenti

---

Nyumbani, 9 Juni

Mwanangu,

Rafiki yako wa simenti ameniandikia. Usimgombeze. Barua yake niliisomea ngazini, sikufika hata mlangoni. Nikageuka nikashuka na haya magoti, nikagonga kibanda cha fundi. Akafungua. Nikampa barua asome mwenyewe. Alipomaliza akavua ile lenzi, akaipangusa, akavaa tena, akavua. Akaniuliza, "Tunafunga lini?" Nikamwambia, "Leo kama kuna mtu wa kutufungisha."

Haikuwa siku ileile, ikawa Ijumaa. Tulikuwa watu wachache sebuleni. Nilikuwa nimesema sifungi bila wewe, lakini nikaona kule kuwatangazia wenzako furaha yangu ni kusimama upande wangu kuliko kusimama sebuleni. Nilivaa ile nguo ya kijani. Wakauliza nani msimamizi upande wa bibi harusi, nikasema yupo, yuko kazini.

Nilikudhania vibaya, nawe ukaniachia nidhanie. Mambo hayo mawili tuyamwage pamoja.

Wape kula hao waliobaki. Joto linazidi, osha mara tatu sasa badala ya mbili.

Mama yako mdogo

---

Chumba cha wageni, bandarini, 2 Julai

Mama mdogo na baba mdogo,

Shikamooni nyote wawili.

Meli imeuzwa. Mnunuzi amekuja na watu wake, na sisi tumeshushwa jana mchana. Nilipokanyaga ardhi nilikwenda mrama kama mlevi, Chifu akanishika mkono, naye akayumba, tukaketi wote wawili kwenye ngazi za gati watu wakitupita. Mpole alikuwa wa kwanza kuingia sokoni. Amerudi na chungwa, akaligawa vipande kwa kisu cha mfukoni, tukala, tukalamba na vidole.

Mpishi mpya wa meli nimemwonyesha stoo na jiko. Kijana mwenye adabu, ana kabichi nyingi. Nilimwambia habari ya maharage kabla hata sijamwambia jina langu.

Baba mdogo, hatujawahi kuketi pamoja, zaidi ya ile siku uliponibadilishia mkanda wa saa. Nimeandika neno hilo mara kadhaa kwenye karatasi nyingine kabla ya hii, nione linakaaje. Linakaa vizuri.

Mama mdogo, lile la kusimama nikiulizwa kuhusu uongo wangu, nitasimama. Ila nipe kwanza usiku mmoja nilale kwenye kitanda kisichocheza.

Treni inafika Alhamisi asubuhi. Msije stesheni, magoti yapumzike. Nataka kupanda ngazi mwenyewe, nibishe hodi, na nisikie sauti mbili zikisema karibu.

Mwanenu